Hela ya Usumbufu

Dalali Chilumba huanza na hela ya usumbufu,
elfu kumi, kabla pikipiki haijawaka.
"Haya mama nesi, unataka mtaa gani?"

Miaka ishirini na sita, wodi ya wazazi, Ligula,
mimi ndiye niliyekuwa nauliza.
Unatoka wapi? Naandika kwenye kadi:
Chikongola. Magomeni. Chuno. Mtawanya.
Mji mzima umepita mikononi mwangu
ukiwa umelowa, ukilia,
lakini milango yake siijui.

Tulianzia Shangani, kwa kuwa Chilumba
ana ndoto ndefu kuliko kiinua mgongo changu.
Geti, mbwa, ukimya.
Niligonga ukuta kwa pete, ukaitika vizuri.
"Wakati wa gesi," alisema, "bei hii usingeigusa."
Wakati wa gesi! Nimeuona njia nzima:
mahame ambayo hayajawahi kukaliwa,
nondo zimechomoza juu ya lenta,
mpapai umeota sebuleni
na umeshazaa.
Jirani nilimuuliza maji hutoka siku gani.
Alichungulia kwenye kitundu cha geti,
akasema hajui, labda kijana wa bustani.
Nikaifuta Shangani.

Magomeni nilirudi usiku, peke yangu,
maana mchana nyumba ina adabu za mgeni.
Nikasikia redio tatu, ndoo zikigombania bomba,
mtu akikohoa kikohozi cha kupimwa makohozi.
Nusura nibishe hodi nimwambie.
Nilipapenda.
Ila chini ya rangi mpya, nilipomulika kwa simu,
palikuwa na mstari wa maji ya mvua,
umenifika kiunoni.
Rangi husitiri. Chumvi haina siri.

Chuno, kijana wa mihogo ya kukaanga
alikataa hela yangu.
"Mama anasema wewe ndiye wa kwanza kunichapa duniani."
Akanifungia na pilipili, akainama:
"Kile kiwanja mlichotoka kukiona
kimeshauzwa mara mbili."
Kofi moja, na limelipwa.

Ya nne ilikuwa Vigaeni.
Vyumba vitatu, choo ndani, bati lina kutu pembeni tu,
bei ya kuzungumzika.
Mwenyewe, bwana Nandonde, yuko Masasi, mnadani, kwenye korosho.
Tulimkuta mkewe anafagia uwanja,
michirizi ya ufagio imenyooka
kama daftari la mtoto anayeogopa mwalimu.
Alituletea maji ya mtungi.
"Karibuni. Ni nyie watu wa halmashauri, wa kupima?"

Chilumba aliitazama tairi ya pikipiki yake.

Somoe, ndivyo alivyojitaja.
Akanionyesha mdimu, mrefu kama goti.
"Nimeupanda juzi juzi.
Wanasema miaka mitatu, minne. Si mbali."
Maisha yangu yote nimewaambia wanawake:
pumua, sukuma, bado kidogo, pole.
Kwa hili sikuwa na neno.

"Tumekuja kuiona nyumba," nilisema.
"Nyumba?"
Akageuka, akaitazama,
mlango, dirisha, mlango tena,
kama naye amelipia kuonyeshwa.

Nilisuuza kikombe, nikakifudikiza.
"Dada, mumeo akikuletea karatasi yoyote,
usitie dole gumba mpaka usomewe. Na mtu wako,
si mtu wake."
Hakujibu. Ufagio aliushika mkononi
lakini hakufagia.

Njiani Chilumba hakunisemesha.
Nimemkosesha asilimia, namwelewa, ana watoto wanne.
Wawili nawajua kwa uzito wa kuzaliwa.
Tulipofika lami alizima injini, akakohoa.
"Ipo moja Naliendele. Mjane. Anauza mwenyewe."
"Anauza, au anauziwa?"
Alifikiri. Sikuwahi kumwona akifikiri.
"Hilo utamuuliza wewe.
Ila mama, Naliendele ni mbali.
Huo ni usumbufu mwingine."

Nikafungua pochi.